Chumba cha Daraja la Kwanza hadi Jidda

Mama mkwe wangu alihamia kwetu Garissa mwaka ambao ng'ombe wake walichukuliwa. Vilikuwa vile vita vya miaka ya mwanzo ya uhuru, wakati baadhi ya watu wetu walipobeba bunduki wakitaka eneo letu lijitenge na kuungana na Somalia, na serikali ikaleta jeshi. Redio iliwaita wapiganaji wale mashifta. Nyumbani kwetu neno hilo halikutamkwa, maana shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuwa ameondoka Bura na wenzake kuingia porini, na tangu hapo hatukupata habari zake. Askari walipokwenda kumtafuta kwa mama yake hawakumkuta. Waliwakuta ng'ombe.

Basi mama mkwe akaja mjini juu ya lori, na mkeka wake, birika lake la kutawadhia, na mbuzi wawili waliobaki. Nilimpokea kwa heshima zote. Nilimwita eeddo, kama tunavyomwita shangazi, nikampa chumba chenye upepo. Lakini hatukupatana. Yeye alizaliwa nyuma ya ngamia. Mimi nilizaliwa Masalani, karibu na mto, ambako mama yangu alinunua samaki kwa Wapokomo na kutupikia, na huko ndiko nilikojifunza Kiswahili kwa kucheza na watoto wao. Kwa mama mkwe, mtu anayekula samaki hana tofauti na anayekula nyoka. Alinusa sufuria zangu kabla ya kula. Wageni wakija alinitambulisha hivi: "Huyu ni mke wa mwanangu, mtoto wa watu wa mtoni," kisha akanyamaza kidogo ili wapate nafasi ya kunihurumia.

Kitu kimoja tu kilimfanya asahau kunung'unika, nacho ni Makka. Mume wake alipofariki aliweka nadhiri kwamba atahiji. Alipanga kuuza ng'ombe. Sasa ng'ombe hawapo, na kila jioni aliketi uani ameelekea kibla, midomo ikicheza, kama mtu anayezungumza na jirani aliye ng'ambo ya ua.

Mume wangu alikuwa mfanyabiashara wa ngozi. Alizinunua kwa wafugaji, akazituma Mombasa kwa tajiri mmoja Mwarabu wa Mji wa Kale. Vita vilipoanza na barabara zikafungwa, wengi waliokuwa na mali ya tajiri yule waliiuza au waliiacha ikaoza. Mume wangu alizificha ngozi zake ghalani, akazitia chumvi upya, akazilinda mpaka njia ilipofunguliwa, na zote zikafika. Alifanya hivyo kwa sababu ndivyo alivyo. Hakutarajia kitu.

Siku moja dereva wa lori alitushukia na ujumbe wa mdomo kutoka kwa tajiri. Tajiri alikuwa amemkatia mama yake nafasi ya kwenda hija kwa meli, yeye na binti zake wawili, katika chumba kikubwa cha daraja la kwanza. Mama yule alianguka ngazini akavunjika nyonga, na mabinti wamekataa kumwacha. "Tajiri anasema," dereva alieleza huku akinywa chai, "kama mama yako bado yu hai na ana nia, chumba ni chenu. Amesema asiambiwe ahsante."

Mama mkwe alitafsiriwa, akamtazama dereva kuanzia kichwani hadi miguuni. Kisha akamuuliza mwanawe kwa Kisomali, "Huyu mtu ana akili timamu?"

Ilibaki ruhusa. Siku zile hukutoka Garissa bila karatasi ya serikali, na afisa aliyezitoa alikuwa kijana wa bara, mwenye shati lililopigwa pasi kali na macho ya mtu asiyelala vizuri. Tuliingia watatu. Mume wangu, ambaye Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni na p zake zilitoka b, alisimama wima kama mwanafunzi.

"Bwana afisa, mama yangu mzee. Anataka kubata hija kabla hajakufa. Mimi naenda kama mahramu wake, mwanamume ya kulinda yeye njiani, na bibi yangu hii anasaidia yeye."

"Una ndugu?" afisa aliuliza.

 Mume wangu alijibu polepole, "Niko naye mmoja. Alibotea."

Afisa aliandika kitu kwenye faili. Alimgeukia mama mkwe. "Na huyu mama, akifika huko Makka atafanya nini?"

Nilimtafsiria. Mama mkwe alimkazia macho yule kijana, akaniambia kwa Kisomali, "Mwambie nitamwombea. Dua gani, nitachagua mwenyewe."

"Anasema atakuombea," nikasema. Niliishia hapo.

Afisa alitabasamu kwa mara ya kwanza, akachukua muhuri. Mpaka leo sijui kama alielewa nimemeza nusu ya maneno.

Tulisafiri katika msafara wa malori yaliyosindikizwa na askari, tukapitia Garsen, tukafika Mombasa tumejaa vumbi mpaka kwenye nyusi. Tajiri alitulaza nyumbani kwake. Mama yake, bibi mwembamba aliyelala kwenye kitanda cha samadari, alikuwa amewahi kusafiri kwa meli za namna ile, akataka kutufundisha kabla hatujapanda. Mimi nilikaa kati, nikitafsiri.

"Mlango una kizingiti kirefu," alisema. "Inua mguu, la sivyo utaingia kwa magoti. Usiweke kikombe mezani bila kukishika, maana meza ya melini haina adabu. Kuna kitufe ukutani. Ukikibonyeza anakuja mtu. Usimwogope, ndiyo kazi yake. Siku ya kwanza usile vitu vya mafuta. Nyonya ndimu. Na kibla, mwanangu, kibla kitawahama. Leo kitakuwa upande wa dirisha, kesho upande wa mlango. Waulizeni mabaharia, msikisie."

Mama mkwe alisikiliza yote kwa makini, kisha akauliza swali moja. "Maji yapo?"

Bibi yule alicheka mpaka nyonga ikamuuma. "Maji? Mwanangu, mwambie mama kule atachoka yeye kabla ya maji."

Walipoagana, mama mkwe aliinama akambusu mkono. Sikuwahi kumwona akimbusu mkono mtu yeyote.

Mhudumu aliyetupokea melini alikuwa Mmombasa wa makamo, mwenye mvi za masikioni na koti jeupe. Alitutangulia kwenye ukumbi mrefu wenye zulia, akasema kwa fahari, "Na sasa niwaonyeshe suti yenu." Nilimnong'oneza mume wangu kwamba nadhani tutapewa nguo za kuvaa. Kumbe suti ndilo jina la chumba.

Hakikuwa chumba kimoja. Kulikuwa na sebule yenye kochi na viti vilivyofungwa sakafuni kwa misumari, kama vile kuna mtu aliyewahi kuviiba. Ndani yake kulikuwa na chumba cha kulala chenye vitanda viwili, mashuka yamebanwa chini ya godoro hata ukajiuliza mtu anaingilia wapi. Madirisha yalikuwa ya duara, na kabati liliwasha taa lenyewe ukifungua. Halafu mhudumu akafungua mlango mdogo, akatuonyesha bafu: hodhi jeupe la kulalia mtu mzima, bomba la maji moto, bomba la maji baridi, na choo cha kuvuta mnyororo. Akauvuta ili tuone. Maji yakanguruma. Mama mkwe aliruka nyuma akashika kifua.

"Yamekwenda wapi?" akauliza.

"Baharini," nikasema.

"Maji safi kama yale?"

Mhudumu alipoondoka, alianza kukagua. Alipita kila kona akigusa kuta kwa kiganja, kama anavyokagua aqal yake, ile nyumba ya miti na mikeka ambayo mwanamke wa kwetu hujenga, hubomoa na kuipakia juu ya ngamia. Hatimaye alitoa hukumu. "Imara. Lakini aliyeijenga hakufikiria atahama nayo." Kisha akakunja mashuka ya kitanda chake vizuri, akayaweka juu ya kiti, akatandika mkeka wake juu ya zulia. Kitandani hakulala hata siku moja katika safari yote. Alisema kitanda kirefu kile, meli ikiyumba, mtu atakuwa anatafuta kifo huku amevaa tasbihi.

Mimi nililala kitandani. Nalikiri hili kwa furaha. Mpaka leo nikifumba macho naukumbuka ule mto.

Meli haijatoka vizuri Kilindini, mume wangu akalevywa na mawimbi. Mwanamume aliyezoea kuvuka Tana kwa kamba wakati wa mafuriko alilala kwenye kochi la sebuleni rangi ya majivu, ndoo pembeni, ndimu mdomoni, akimwomba Mungu amrudishe nchi kavu popote, hata kama ni porini kwenye risasi. Kwa hiyo mimi na mama mkwe tulibaki kutazamana. Nyumbani kulikuwa na soko, majirani na mbuzi wa kutuondolea macho. Pale hapakuwa na pa kwenda.

Chakula kililetwa kwenye meza ya magurudumu, sahani zimefunikwa kwa vifuniko vya kung'aa. Mhudumu alifunua cha kwanza. Alikuwa samaki mzima, na jicho lake lilielekea moja kwa moja kwa mama mkwe. Mama mkwe alijivuta nyuma, akachukua kopo lake la nyirinyiri, zile nyama zilizokatwa vipande vidogo zikakaangwa na kuhifadhiwa ndani ya samli, akala kwa tende, amenipa kisogo. Mimi nilikula samaki yule mpaka nikabakisha miiba.

"Mtoto wa mtoni," alisema bila kugeuka.

"Eeddo," nikamjibu, "hapa sote tuko mtoni."

Nilijutia ulimi wangu mara moja. Lakini nikaona mabega yake yakitikisika. Alikuwa anacheka, na hakutaka nimwone.

Bafu ndilo lililomshinda. Alioga kwa birika moja, kama alivyozoea. Halafu akafungua bomba kidogo tu, akajaza hodhi lote maji baridi, akalifunika kwa shuka. Mhudumu alipokuja kusafisha akayakuta, akayatoa. Mama mkwe alipoona nusura alie. Akayajaza tena. Kesho yake mhudumu akayatoa tena, akaniuliza kwa upole kama mama hajui kuzibua.

"Anajua," nikamwambia. "Anatoka mahali ambapo maji yakiwepo unayaweka, kwa sababu kesho huenda yasiwepo."

Mhudumu aliitazama ile shuka iliyotandikwa juu ya hodhi. Tangu siku ile hakuyagusa tena. Pia kila asubuhi alituletea kipande cha karatasi chenye mshale wa kibla, akakiweka mezani chini ya kibirika cha sukari ili kisiteleze.

Tulikuwa tumeshaipita pwani ya Somalia kwa mbali, meli imeanza kupinda kuelekea Adeni, mama mkwe aliposikia sauti kupitia dirishani. Wanawake walikuwa wakiimba kasida kwa Kisomali, zile ambazo wanawake wetu huimba wakiwasifu Mtume na mama wa waumini. Alisimama na kujifunga mtandio. "Kuna watu wetu," alisema. "Nipeleke."

Tulishuka ngazi, na ngazi nyingine, mpaka zulia likaisha na chuma kikaanza. Sitaha ya chini, chini ya turubai, mahujaji walikuwa wamelala mkeka kwa mkeka: wa Lamu, wa Wajir na Mandera, wa Mombasa, wa Kibera, wazee waliofunga vitu vyao vyote katika furushi moja. Joto lilikuwa limekaa pale kama mtu. Wanawake walitupokea kwa shangwe, wakatupisha kivulini, wakatupa kahawa. Mama mkwe aliuliza habari kama inavyoulizwa kwetu, kwa mpangilio: afya, safari, mvua, mifugo. Kisha akauliza, "Na kuoga?"

Wakatazamana. Mama mmoja wa Mandera akatuonyesha kwa kidevu. Mahali pa kuogea wanawake palizibwa kwa pazia lililochanika, na mabaharia walipita hapo kwenda kwenye injini. Wengine hawakuwa wameoga tangu Mombasa. Walitawadha tu kwa vikombe.

Mama mkwe aliweka kikombe cha kahawa chini. Aliniangalia, na nikajua kinachokuja.

"Wana bahari nzima," alisema, "na mimi nina hodhi limejaa maji yaliyolala tu. Waambie wa Kiswahili kwa Kiswahili. Waje kwangu."

Walikuja. Wa kwanza walikuwa bibi wa Lamu na binti yake, wakiwa wamebeba kanga zao kwapani. Mhudumu alitukuta ukumbini akasimama katikati ya zulia, mikono ameinyoosha.

"Bibi, samahani sana," aliniambia. "Hapa ni daraja la kwanza. Wale wana tiketi za chini. Mimi nitafukuzwa kazi."

Nikatafsiri. Mama mkwe alimjibu kwa sauti ya chini, na mimi nikamfuata neno kwa neno, safari hii bila kumeza kitu. "Anasema, hiki chumba umemwonyesha wewe mwenyewe, ukamwambia ni chake. Anauliza, je, ni chake au si chake?"

"Ni chake, mama."

"Anasema, basi hawa ni wageni wake. Kwao mgeni haulizwi tiketi."

Mhudumu aligeuka akaondoka, nasi tukadhani mambo yameharibika. Alirudi na afisa wa meli, Mzungu mwenye kaptura nyeupe na magoti mekundu. Mume wangu alijikokota kutoka kwenye kochi, akajishikilia mlangoni, akaanza kusema kitu kwa heshima, halafu akaikimbilia ndoo. Afisa alimtazama, akamtazama mama mkwe aliyesimama mbele ya mlango wa bafu kama askari wa zamu, akawatazama wale wanawake wawili na kanga zao. Akazungumza na mhudumu kwa Kiingereza. Mhudumu akatufasiria: waruhusiwe kuja asubuhi, wawili wawili, wasipike humo ndani, wasiloweshe zulia.

"Na amesema," aliongeza kwa kunong'ona, "mama yake naye ni hivi hivi."

Kuanzia siku ile suti yetu ikawa nyumba. Wanawake walioga, wakasukana nywele, wakapaka hina, wakalaza watoto kwenye kitanda ambacho mama mkwe alikikataa. Mume wangu alibaki kwenye kochi lake, akageuzwa kuelekea ukutani, akafungiwa pazia la shuka, na kila aliyepita alimwombea shifaa. Mhudumu alileta taulo za ziada bila kuombwa. Nilitafsiri mpaka koo likanikauka, Kisomali kwenda Kiswahili, Kiswahili kwenda Kisomali, na kwa mara ya kwanza nikamsikia mama mkwe akimwambia mtu, "Muulize mke wa mwanangu. Yeye anajua lugha zote." Hakutaja mto.

Katika wale waliokuja kulikuwa na mama mmoja Mnubi wa Kibera, mnene, mcheshi, miguu imemvimba kwa kukaa chini. Mama mkwe alimpenda mara moja. Alimketisha pembeni ya hodhi, akamwambia atie miguu ndani, akakoroga maji kwa chumvi aliyoomba kwa mhudumu. Wakawa wanazungumza kupitia kwangu juu ya magoti, juu ya wakwe, juu ya ladha mbaya ya chai ya melini.

"Una watoto?" mama mkwe aliuliza.

"Alhamdulillahi, ninao. Mkubwa ni askari. Anaendesha lori la jeshi. Yuko huko kwenu, Wajir, kwenye vita vya mashifta. Nimekuja kumwombea arudi mzima."

Niliacha kutafsiri. Maji yalikuwa yakigonga ukingo wa hodhi polepole, meli ikiyumba. Mama mkwe aliniangalia akisubiri. Ningeweza kusema, "Ana mtoto dereva." Ingetosha, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini alikuwa ameshayasikia maneno mawili, Wajir na mashifta, ambayo hayahitaji mkalimani. Alisema, "Sema lote."

Nikasema lote.

Alikausha mikono yake. Akaondoka bafuni, akaingia chumba cha kulala, akafunga mlango. Mama wa Kibera alibaki na miguu majini.

"Nimesema nini, binti yangu?"

Nikamweleza: ng'ombe wa Bura, na shemeji yangu aliyeingia porini. Niliongea nikitazama sakafu. Niliogopa pia, maana neno moja kama lile, likifika masikio mabaya huko nyumbani, lingeweza kutumaliza.  Yule mama aliikausha miguu yake mmoja mmoja, akavaa viatu, akanigusa shavu, akashuka. Kesho yake hakuja, na siku iliyofuata pia hakuja. Mama mkwe alikaa juu ya mkeka akivuta tasbihi, wageni wengine wakija anawapokea kwa mkono tu. Nilimpelekea chakula. Siku ya pili alisogeza pembeni kopo lake la nyirinyiri, akavuta sahani yangu ya samaki, akamega kipande kidogo, akakitafuna kwa muda mrefu.

"Hana ladha ya nyoka," alisema.

"Umewahi kula nyoka, eeddo?"

"Nyamaza." Kisha akasema, "Mwanamke yule amemzaa yule kijana kama nilivyomzaa wangu. Kwa uchungu ule ule. Nimejaribu kuona tofauti. Sijaiona."

Tulikuwa tumeingia Bahari ya Shamu, maji yametulia, mume wangu ameanza kukaa na kunywa supu. Mhudumu alitutangazia kwamba kesho yake meli itapita sambamba na kituo cha kuhirimia, pale hujaji anapoingia katika ihramu, honi itapigwa, na kila hujaji awe ameshaoga na kutia nia. Mama mkwe alinishika mkono.

"Nenda chini. Mtafute. Mwambie hodhi la asubuhi ni lake, la kwanza kabla ya mtu yeyote."

Nilimkuta chini ya turubai, ameegemea furushi. Nilipomwambia, aliniuliza, "Amekutuma yeye, au umekuja mwenyewe?"

"Amenituma. Na mimi ningekuja hata bila kutumwa."

Asubuhi alikuja. Hawakukumbatiana wala kulia. Mama mkwe alikuwa amemwandalia maji ya uvuguvugu, baada ya kunilazimisha nimfundishe kuchanganya mabomba mawili. Alimmiminia kwa birika lake lile la Bura. Mgeni aliporudi sebuleni amevaa nguo safi, mama mkwe aliketi naye kwenye zulia.

"Muulize mwanawe anaitwaje," akaniambia. "Siwezi kumwombea mtu nisiyejua jina lake."

Nikauliza. Mama wa Kibera alilitaja jina. Mama mkwe alilirudia mara kadhaa mpaka ulimi wake ukalizoea, maana lilikuwa na herufi ambayo sisi hatuna, nayo ikatoka kwa mkato wetu. Yule mama akacheka huku anafuta macho. Kisha naye akasema, "Na wako?"

Jina la shemeji yangu lilikuwa halijatamkwa kwa sauti mbele ya mgeni kwa muda mrefu. Mama mkwe alilitamka. Mama wa Kibera alilirudia kwa lafudhi yake ya Kinubi, akaliweka katika dua zake.

Honi ilipolia, ndefu, ikitikisa vioo, tulikuwa sote tumesimama: wa chini, wa juu, mhudumu mlangoni ameshika taulo kifuani. Talbia, ile Labbaika ya mahujaji, ikaanzia kwenye sitaha, ikapanda ngazi, ikapita ukumbini juu ya zulia. Mume wangu alisimama katikati yetu katika shuka zake mbili nyeupe, amekonda, anayumba, anaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Makka sitaisimulia hapa. Waliokwenda wanajua, na wasiokwenda Mungu awafikishe. Nitasema tu kwamba wanawake wale wawili walikuwa pamoja Arafa, wamefungana ncha za mitandio wasipotezane, na mimi nyuma yao nimebeba chupa ya maji.

Tuliporudi Garissa vita vilikuwa bado havijaisha, na vilizidi kuwa vibaya kabla ya kutulia. Sitaki kuvipamba. Lakini baada ya muda dereva mmoja wa malori alituletea salamu kutoka Kibera: kijana amehamishiwa bara, mzima, ameoa. Mama mkwe alisujudu pale pale uani. Wake mwenyewe alikuwa bado hajulikani alipo, na bado alisujudu kwa ajili ya wa mwenzake. Amani ilipotangazwa na watu wakaanza kutoka porini, shemeji yangu alifika mchana mmoja, mguu mmoja haukunjiki, ndevu zimemfunika. Mama yake alimshika uso akautazama kama anayesoma, kisha akaniambia nichemshe maji mengi.

Mwaka uliofuata alitaka kurudi Bura. Tulimsihi akae mjini akakataa. Mume wangu alimnunulia mitamba michache na ngamia wa kubebea nyumba, shemeji akakata miti, na mimi nikaenda kumsaidia kusuka mikeka. Nilikusudia kulala siku moja tu. Jioni alinikamulia maziwa, akanipa yenye moshi mzuri wa chombo kilichofukizwa, akaketi karibu yangu nje ya aqal mpya, akiwatazama ng'ombe wakiingia zizini.

"Kaa wiki," alisema. "Mume wako anajua kupika chai."

Nikakaa.